Bunduki ya Kulenga Karatasi

Juzi, ndugu yangu, nilipotoka zamu kiwandani hapa Tonawanda, Amerika, nilipitia duka la bunduki. Nilimwambia muuzaji nataka ya kulengea karatasi iliyo mbali, ya bolti, ya kuvuta kwa mkono kila risasi, kama ilivyotoka kiwandani. Akanipangia tatu. Niliishika ya kwanza, nikaegemeza shavu kwenye kitako, nikafumba macho, kisha nikafumbua. Jicho likijikuta pembeni mwa darubini ya kulengea, hiyo si yako, irudishe. Muuzaji akaniuliza nani alinifundisha hayo. Nikasema ni jirani, nikaomba ya pili.

Jirani yetu wa mtaa wa North Buffalo alikuwa mzungu mjane, mstaafu wa kiwanda, aliyekula maharage ya mama ya mawese kwa mkate na kulamba kijiko bila aibu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kila Jumamosi, baba akiwa kazini ghalani, mzee alinipeleka kwenye uwanja wa shabaha. Mama alijua, hakumwambia baba. Kazi yangu ilikuwa kuokota maganda ya risasi na kusafisha mtutu kwa kitambaa cha mafuta. Ile harufu ilinikaa vidoleni hadi kanisani. Alinifundisha kwamba mtutu mnene huchelewa kupata moto, na kwamba bunduki huchaguliwa kwa shavu, si kwa macho. Nikifika kumi na sita tungeenda pamoja kuchagua yangu. Niliisubiri siku hiyo kuliko Krismasi.

Siku moja nilipiga matundu matano yaliyofunikwa na sarafu moja. Nikaileta ile karatasi nyumbani kwa mbwembwe, mjinga mimi. Baba aliitazama, akakaa chini. Kambini Tanzania, tulipokuwa wakimbizi wa vita, kwenye usaili wa kuja Amerika, aliapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake aliyewahi kushika bunduki. Aliamini karatasi ile yenye matundu ingetosha kuturudisha sote kambini. Nilimweleza kwamba huku ni mchezo. Nani amsikilize mtoto?

Akanikokota hadi uani kwa jirani. Baba hakujua Kiingereza. Mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi.

"Mwambie asikuite tena," alisema. "Mwambie watu kama yeye ndio tuliowakimbia, wanaowapa watoto bunduki."

Nikatafsiri. Mzee alikuwa anamwagilia nyanya zake. Hakumtazama baba, alinitazama mimi, maana maneno yalitoka kinywani mwangu. "Sawa, binti," akasema, akaingia ndani. Hatukusalimiana tena mpaka alipotolewa nyumba ile kwa machela.

Baba sasa yuko Louisville kwa kaka yangu, na kwenye simu hujisifu kwamba aliniokoa. Namwitikia, nikikata simu nasonya. Nyumba ya jirani imeuzwa, pale palipokuwa na nyanya wamemwaga zege la kuegesha magari. Bunduki niliinunua, ile ya tatu, na Jumamosi napiga peke yangu.

Lakini wewe nikuambie ukweli. Hospitalini, daktari akisema neno zito, nililipunguza makali kabla halijamfikia baba. Nilifanya hivyo miaka yote, na hakuna aliyejua. Pale uani ningeweza kumwambia mzee lolote, hata shikamoo na asante. Nilimwambia yote, neno kwa neno, kwa kumwogopa baba, ambaye asingeelewa hata moja.