Maji ya Ng'ombe Wawili

Kwa miaka kumi na mitatu Phelesia alimjua mama yake kuanzia kifuani kwenda juu tu. Chini ya hapo kulikuwa na ua.

Ulikuwa ua wa ojuok, ile mimea ya utomvu mweupe ambayo ukiikata leo, kesho imeota vichwa viwili vya kukucheka. Ulizunguka boma lake na mumewe Chrispine hapo Uriri, nyuma ya soko. Kila Jumatano mama yake, Rispa, alitoka Gembe kule ziwani na gunia la omena, wale dagaa wa ziwa, akauza, na jua likianza kulegea akaja kusimama nje ya ua. Mkono wake ulipita juu na kifuko cha omena. Mkono wa Phelesia ukarudi na mkungu mdogo wa ndizi. Wakapiga domo hapo, huyu nje na huyu ndani, kisha Rispa akafunga leso na kwenda zake. Hakuwahi kuuona hata mguu wa meza ya binti yake.

Sababu ilikuwa ng'ombe. Chrispine alipooa alitoa ayie, zile pesa za kumtuliza mama wa msichana, akapeleka na mtamba mmoja, akaahidi wawili waliobaki msimu ujao. Msimu ujao tumbaku yake ikakosa mnunuzi. Akang'oa tumbaku, akaingia kwenye boda boda, na wale ng'ombe wawili wakabaki mdomoni.

Siku hizi wako akina mama wasiojali, wanaingia kwa wakwe zao na kula mpaka kuku wa jirani wanahama. Rispa hakuwa wa ukoo huo. Dada yake aliwahi kuingia kwa mkwe kabla ya ng'ombe, akapewa paja moja la kuku, na deni lote likafia kwenye lile paja.

"Ukishameza," Rispa alikuwa akisema, "umewaandikia risiti."

Basi hata maji hakunywa. Na jua la Uriri mwezi wa pili ni jua la kukaanga yai likiwa bado tumboni mwa kuku.

"Mama, maji tu," Phelesia angesema, kikombe mkononi.

"Nimekunywa."

"Umekunywa wapi, na jasho hilo?"

"Jana."

Chrispine naye siku ya Jumatano alikuwa mtoro. Mkwe mwenye deni hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Siku moja alikiona kitambaa chekundu cha kichwani cha Rispa kwa mbali, akakata kona na pikipiki moja kwa moja hadi ndani ya shamba la mahindi, huku amembeba katekista. Wanasema walitokea upande wa pili, karibu na Suna, katekista akiwa na mahindi mabichi mifuko yote miwili, na nauli hakulipa.

Watu walicheka. Phelesia alicheka nao, halafu akaenda jikoni kuyamwaga yale maji ya kikombe. Kila Jumatano aliyamwaga mahali pamoja, chini ya dirisha, na hapo palikuwa pameota mpapai mzima.

Usidhani hakwenda kwao. Alikwenda, Krismasi na matanga. Lakini ukienda kwenu wewe ni mtoto. Mama yako akija kwako ndipo unakuwa mtu. Ndani ya nyumba alikuwa na kiti kimoja cha mbao, chenye kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa mkono, ambacho hakuna aliyekikalia tangu aolewe. Jogoo mmoja alijaribu. Jumapili hiyo alikuwa mchuzi.

Sasa Jumatano moja Rispa alifika kwenye ua, akapitisha kile kifuko cha omena, na akakikabidhi kwa mbuzi aliyesimama upande wa ndani.

Alimpa mbuzi, na akamsalimia. "Umekonda, mwanangu," akamwambia.

Beverly, kifungua mimba wa Phelesia, alikuwa karibu, akamwangulia nyanya yake kicheko. "Dani, huyo ni mbuzi!"

"Najua ni mbuzi. Kwani mbuzi hakondi?" Rispa akacheka pia, lakini mkono wake ulikuwa unapapasa majani. Phelesia akasogea, akayaona macho ya mama yake. Yalikuwa na ukungu, kama ziwa asubuhi kabla mitumbwi haijarudi.

"Hiyo nyumba yako," Rispa aliuliza kwa sauti ya kupitisha muda, "bado ni ya buluu?"

Nyumba ilikuwa imepakwa kijani mwaka wa pili sasa.

"Bado, mama."

"Nitaiona vizuri siku nikiingia," Rispa akasema, akageuka, akashika njia akiipima kwa mguu.

Jioni hiyo Phelesia alimngoja mumewe mlangoni. "Baba Beverly, wale ng'ombe."

"Msimu ujao."

"Msimu ujao una miaka kumi na mitatu. Ungekuwa mtoto ungekuwa umebalehe."

Chrispine akavua helmeti, akaikalia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kesho tu. "Nikatoe wapi? Unaona mwenyewe tunavyokula."

"Ndiyo maana. Tutaacha kula tunavyokula."

"Na watu wakijua umejinyima jikoni ukatoa ng'ombe wako mwenyewe? Watasema umejioa!"

"Nitasema umetoa wewe. Nikisema sana, hata mimi nitaamini."

Ndivyo njaa ya mpango ilivyoingia boma lile. Sukari ilitoka kwanza. Chai ikawa turungi, majani na maji na kumshukuru Mungu. Nyama ikafuata sukari. Televisheni ikauzwa kwa fundi wa redio, makochi yakaenda kwa mwalimu mgeni, Phelesia akanyoa nywele ili asisuke. Kiberiti nacho kikakatazwa: moto uliombwa kwa jirani, kwa Nyasuguta, mama wa Kisii muuza ndizi, Msabato asiyekunywa chai ila kwa maneno hakuna asilolimeza.

"Nyar Gembe!" Nyasuguta alimwita kila alipomwona na kigae cha makaa. "Binti wa watu, umehamia karne gani? Mimi nilidhani moto wa kuazima ulikufa na nyanya yangu."

"Nipe moto, uache kelele."

"Na haya yote ni ya nini? Eti mama yako anywe maji kwako! Ng'ombe wawili, kwa maji ambayo mvua inamwaga bure?"

"Kwa maji."

Nyasuguta akamtazama, akatikisa kichwa, akaongeza makaa mawili makubwa. Tangu siku hiyo akipika mchuzi wa nyama alifungua dirisha la upande wa Phelesia, na watoto wakapeleka ugali wao dirishani wakala na harufu. Yule mdogo alishiba hadi akacheua.

Siku moja Beverly alitumwa dukani chumvi, akarudi na punje za sukari kwenye mdomo. Muuza duka alikuwa amempa za kuonja. Phelesia aliinua mkono ampige. Mkono ukakwama hewani.

"Hebu sogea," akasema. "Nipumulie."

Beverly akampumulia. Phelesia akafumba macho. Ilikuwa chai ya kwao Gembe, ya maziwa, kwenye kikombe cha bati, mama yake akikoroga na kuonja na kukoroga tena. Akafumbua macho, akamwambia mtoto, "Nenda ukaoshe mdomo," naye akaenda nyuma ya nyumba akakaa kidogo chini ya ule mpapai.

Mwaka ulipokwisha Chrispine alikwenda Kehancha kwa Mkuria mmoja, Maroa, akarudi na ng'ombe mwembamba hata kivuli chake kilikuwa na matundu. Wakamlisha miezi mitatu. Watoto walimkatia majani kabla hawajanawa uso. Aliponona alipelekwa Gembe, na kaka yake Phelesia akampokea, akahesabu kwa kidole kimoja, kwa sauti, mbele ya watu: "Bado mmoja."

Kisha Jumatano moja Rispa hakuja.

Wala iliyofuata. Kaka akapiga simu: macho yamekataa njia, omena sasa anauza mkewe. Phelesia alizoea kuacha kazi saa tisa, akaendelea kuiacha. Alisimama uani, akautazama ua mtupu. Aliweza kupanda gari Jumapili akamwone mama yake, na alikwenda mara moja, lakini Rispa alimshika uso kwa mikono miwili, akamwambia, "Usimalize nauli kuja kuniangalia. Lete ng'ombe, nije mimi."

Akarudi Uriri akakata na chumvi nusu.

Chrispine ndiye aliyenyamaza zaidi kipindi hicho. Alianza kurudi usiku, ananuka petroli na vumbi, hataki chakula. Phelesia alidhani ni mwanamke mwingine. Kumbe alikuwa anabeba mchanga wa ujenzi kwa magunia baada ya abiria kwisha. Alimwekea noti mezani, na asubuhi Phelesia alikwenda kwa Nyasuguta akakopa kijiko kimoja cha sukari, akakitia kwenye kikombe cha mumewe peke yake.

Chrispine alionja, akashtuka kama aliyeng'atwa. "Nini hii?"

"Kunywa, usiulize."

Ng'ombe wa pili alipelekwa Disemba, baada ya mvua. Na mwezi wa kwanza, Jumatano kwa sababu Rispa hakujua siku nyingine ya kwenda Uriri, alikuja. Alikuja na wanawake wanne wa kwao wenye vikapu vichwani, mke wa mwanawe amemshika mkono. Boma lilikuwa limefagiliwa mpaka minyoo ikalalamika. Kuku wawili walikuwa jikoni. Sukari ilikuwepo, kilo nzima, na watoto walikuwa wameketi mbele yake kama watu walio kanisani. Chrispine, ambaye sasa hakuwa na deni, alikimbilia mahindini vilevile. Miguu ilikuwa imezoea.

Phelesia alimpokea mama yake langoni. Akaushika ule mkono uliokuwa ukipita juu ya majani miaka yote. Ulikuwa mwepesi. Wakatembea. Kwa mara ya kwanza akaitazama miguu ya mama yake ikikanyaga udongo wake: miguu midogo, yenye viatu vya plastiki, kimoja kamba yake imekatika na kufungwa kwa uzi wa nyavu.

Katikati ya uwanja Rispa akasimama, akanyoosha mkono mbele kupapasa. "Ua uko wapi?"

"Umeshaupita, mama."

Rispa akashusha mkono polepole. Akaingizwa ndani, akakalishwa kwenye kile kiti, ambacho sasa kilikuwa kiti pekee chumbani. Wanawake wanne wakakaa mkekani. Akapapasa kitambaa mshono kwa mshono, akafika pembeni, akacheka. "Hapa uliruka."

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya miaka kumi na minne."

Beverly akaleta chai, maziwa na sukari, inatoa moshi. Rispa akaisogeza kando kwa ustaarabu. "Ngoja kwanza. Maji."

Phelesia akachota kwenye mtungi. Akamshikisha mama yake kikombe. Rispa akanywa bila kupumua, koo likipanda na kushuka, maji mengine yakamtiririka kidevuni. Akanyoosha kikombe. Phelesia akajaza. Akanywa hicho pia.

"Sasa niambie," Rispa akasema, akigeuza uso huku na huku kuelekea kwenye kuta. Yale macho yalikuwa meupe kabisa. "Ni rangi gani?"

Beverly akafungua mdomo. Phelesia akamkanyaga mguu.

"Buluu, mama. Ile ile."

Rispa akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeiona. Halafu akanyoosha kikombe tena.

"Ongeza."