Alama ya Kampuni ya Aden

Jumanne ile nilikuwa Mutuini nikianua ngozi za mbuzi. Nilihesabu mia mbili kumi na sita. Nikarudia, zikawa mia mbili kumi na tano. Moja ilikuwa kwa mbwa wa jirani.

Mnunuzi wangu alikuwa Hirsi, dalali mzaliwa wa Garissa, mwenye ghala nyuma ya River Road. Miaka sita alinunua kwa niaba ya kampuni moja ya Aden. Tulipatana kwa desturi ya madalali wa kwao: mikono chini ya shali, vidole vikitaja bei, midomo ikizungumzia mvua. Ukifumbata mkono wa mwenzako wote, umekubali.

Vita vya kaskazini vilipochacha, biashara na Somalia ikapigwa marufuku. Kisha ikaja orodha: hata kampuni zilizo nchi nyingine zisiguswe, kama wenyewe ni watu wa adui. Ile ya Aden ilikuwamo.

Hirsi aliniambia atatafuta mnunuzi mwingine, nisipake alama ya Aden kwenye marobota. Nilikuwa nimeshaipaka. Ilikuwa mbinu yangu ya zamani: mtu akikuta mzigo una alama yake, huona haya kuukataa. Marobota kumi na manane, yote mekundu kwa rangi.

"Wafula, umenitia kitanzi," alisema alipoyaona ghalani. "Futa kwanza, ndio tuongee."

Nikamwambia rangi haitakimbia, tupatane bei. Akacheka kwa uchovu, akatandaza shali.

Polisi wakaingia.

Watatu. Mkubwa wao alisoma alama, akasoma karatasi yake, akasoma alama tena.

Akauliza mali ni ya nani.

Mikono ilikuwa bado chini ya shali. Hatukuwa tumeafikiana. Kwa desturi yetu ngozi zilikuwa zangu, na kosa langu.

"Nimemuuzia huyu," nikasema.

Hirsi hakunitazama. Alifumbata mkono wangu wote.

"Ni zangu, afande."

Wakamchukua.

Mimi nilitia sahihi taarifa, nikaambiwa niende nyumbani. Yeye alifia kizuizini, kwa kuhara, walivyosema. Labda wangemchukua hata ningesema kweli. Msomali, siku zile, ghalani mwake. Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi, haijawahi kutoka sawa.

Vita vilikwisha. Kampuni ya Aden ikaniandikia barua kuuliza bei. Sikujibu.

Ilinichukua miaka kumi kumtafuta mke wa Hirsi. Alikuwa akifulia watu nguo Kileleshwa. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Aliuliza jambo moja: siku ile, tulikuwa tumeshamalizana?

"Bado, mama. Na alama niliipaka mimi."

"Basi hakuwa na kosa."

"Hakuwa nalo."

"Hayo ungemwambia afande," akasema, akaendelea kuanua shuka.

Nilisimama pale mpaka kamba ikabaki tupu. Akabeba beseni lake, akaingia ndani.