Viazi Ubaoni

Karani wa stoo yetu ya viazi hapa Njombe ana tabia ya kupuliza vidole kabla ya kujibu swali, hata siku ambayo hajashika chaki. Tangu biashara iwe huria na kila mkulima ajitafutie soko, alikwenda semina Iringa akajifunza kuchora mauzo, na sasa hapiti ukuta bila kuupima kwa macho. Sauti yake ni ya kubembeleza mtoto, ila akichora, anakandamiza chaki mpaka inakatika.

Jumamosi moja alichora mstari ubaoni. Juu yake akasimamisha nguzo za viazi vilivyouzwa, chini yake akashusha nguzo za viazi vilivyooza vikingoja wanunuzi. Soko la Makambako upande huu, la Songea upande ule, tuchague pa kupeleka mzigo. Kabla hajaeleza, Mama Teodora, mkulima mwenzetu, akapiga makofi. "Makambako! Songea ni majani matupu, lakini Makambako angalieni chini palivyojaa!" Sote tukaitikia, na dereva Bashiru akawasha lori. Nani kwetu asiyejua kwamba kiazi hukaa chini ya ardhi?

Karani hakucheka. Alipuliza vidole, akafuta ubao wote, akachora upya: vilivyouzwa chini ya mstari, vilivyooza juu. Kisha akamwambia Mama Teodora atusomee. Mama akapitisha kidole nguzo kwa nguzo, midomo ikicheza, akakomea kwenye ile iliyoshuka kuliko zote.

"Bashiru," akaita, "geuza gari. Tunakwenda Songea."