Koti Ambalo Nyani Waliliogopa

Nyani hawaogopi wanawake. Huku kwetu, vilimani nyuma ya Mbumbuni, kila mtu anajua hivyo, lakini mimi niliyefundisha sayansi shule ya msingi hadi nikastaafu niliwaambia wanafunzi kwamba ni porojo. Mjinga ni mimi. Mwanamume akitokea ukingoni mwa shamba, kundi zima hukimbilia majabali. Akitokea mwanamke, dume kubwa humpima juu hadi chini, kisha huendelea kutafuna. Si dharau. Nyani hujifunza kwa kutazama, na kwa vizazi vingi mawe yaliyowapata yalitoka mikononi mwa wanaume. Mama akikimbia, mtoto aliye mgongoni hujifunza ni nani wa kukimbiwa.

Mume wangu alikuwa na kombeo, na hakukosa shabaha. Alikufa mwaka jana, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Ndugu zake walikuja kugawana nguo kama ilivyo desturi, nami nikawatolea mashati, suruali, na viatu vya Jumapili. Koti lake la shamba na kofia nilivificha chini ya magunia.

"Na ile koti yake ya kijivu, shemeji?" mdogo wake akauliza. "Si ilikuwa hapa tu?"

Nikamjibu ilichanika. Tulikuwa tumetoka kuomba dakika hiyo hiyo, na sikujuta.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, yuko Mombasa. Ndengu nilizopanda shambani zilipoanza kutoa maua alinipigia simu. "Mum, hapo uko peke yako. Nyani wakimaliza hizo ndengu hii season, unafunga nyumba unakuja. Sawa?"

Nikasema sawa, nikijua hazitaliwa. Kaburi liko hatua chache kutoka jikoni, na sikutaka kuliacha.

Asubuhi iliyofuata nilivaa kofia na koti lake, likanifika magotini. Nyani waliponiona walitimua mbio, nami nikacheka peke yangu kama mwehu. Tangu siku hiyo nikawa naisubiri saa ile. Kanisani walikuwa wameshaanza kuniombea kama mjane. Nyani peke yao ndio waliomwona mume wangu bado akiingia shambani mwake.

Wakishatoroka niliketi kuwatazama kule majabalini. Nyani jike huzeekea alikozaliwa, katikati ya mama na dada zake. Madume ndio huhamia makundi mengine. Sisi tumegeuza mambo. Mimi nilitoka Kitui kuja kuolewa, nikapewa jembe siku ya tatu kama mgeni wa kwenye methali, na miaka thelathini na minane baadaye bado ni "yule wa Kitui". Kulikuwa na jike mmoja mzee ambaye binti yake alimchambua manyoya ya mgongo kila asubuhi, taratibu, bila haraka ya kwenda popote. Naona haya kuandika, lakini nilimwonea wivu. Mimi sikuwa nimeguswa na mtu tangu siku ya mazishi, watu walipopanga foleni kunipa pole.

Shida ilikuwa mawe yangu. Hayakufika. Wiki ya tatu dume kubwa alikimbia kidogo, akasimama, akageuka. Kesho yake alisimama karibu zaidi. Keshokutwa, karibu tena. Alikuwa akifanya jaribio kama nilivyowafundisha watoto darasani: badilisha kitu kimoja, tazama, rudia. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuwa na subira ile.

Ndengu zilikuwa zimeanza kukauka, tayari kung'olewa, siku aliponijia hadi hatua kumi hivi. Alinitazama chini ya kofia, usoni kabisa. Kisha akaketi, akavunja ganda moja. Wengine wakateremka nyuma yake, akina mama na watoto, bila hata kukimbia.

Nilirusha mawe yote. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Mwishowe nikavua kofia.

"Ndiyo," nikamwambia yule dume. "Amekufa."

Sikuwa nimelitamka neno hilo. Kwa watu nilisema ametutoka, amepumzika, ameitwa. Kufikia saa nne shamba lilikuwa limekwisha.

Nilimpigia binti yangu. Nilikusudia kumweleza habari za ndengu, lakini kilichotoka ni neno lile lile.

"Baba yako amekufa," nikasema.

"Najua, Mum," akasema. "Sasa kuja."