Povu Juu ya Spika

Fundi wa redio wa hapa Lanet husalimia vitu kabla avifungue. "Niaje, msee, unaumwa wapi?" anauliza redio, akiigongagonga na kidole chenye alama za solda. Leo amebeba spika na chupa ya bia hadi kwa rafiki yake Gurbachan, aliyefungwa plasta mguuni. Huyo ameapa ataenda baa na magongo kama bia nyeusi ya nyumbani haitatoa povu zito. Fundi anaweka glasi ya bia hiyo juu ya spika, anafungulia muziki wenye besi nzito. Woi! Povu linapanda kama chai ya maziwa, linafurika, spika inakohoa na kuzima.

"Kwani hukuiweka friji?" Gurbachan anauliza.

"Si wewe hunywanga ya moto, boss!" fundi anajitetea.

Gurbachan anaonja, masharubu yote meupe, anacheka mpaka plasta inagonga meza.

"Basi tafuta spika ingine!" anasema, akinyoosha glasi aongezewe.