Jibu Lililosubiri Kifaransa

Juma lililopita, katika kliniki moja ya hapa Kasongo, mama aliyetoka Kabambare kwa pikipiki aliingia kupigwa radio ya titi, yaani picha ya eksirei, kwa kuwa alikuwa na uvimbe. Mimi nilikuwa kwenye benchi nikingoja zamu yangu, na mlango ulikuwa wazi. Fundi alimpanga mbele ya mashine, kisha akaenda kusimama nyuma ya ukuta.

Mama akavuta kitenge chake hadi shingoni.

“Muganga, kama ile mashine haina mubaya, wewe unakimbia nini?”

“Tulia, mama. Ni kazi yangu.”

“Na huu ni mwili wangu.”

Akavaa sandali zake, akaondoka na uvimbe wake.

Zamu yangu ilipofika, nilimuuliza fundi swali lile lile, kwa Kifaransa. Akanieleza kwa utaratibu: picha moja ina mionzi kidogo sana, lakini yeye hupiga picha kutwa, mwaka mzima, ndiyo maana hujikinga.

“Mbona hukumwambia yule mama?”

“Ah, mademoiselle, wale hawawezi kuelewa.”

Hawawezi kuelewa! Swali lilikuwa la yule mama. Mimi nililitafsiri tu.