Sare ya Baba Iliyonasa Disko

Juzi Mama alinituma kabatini nimtafutie henga ya kutundikia nguo. Nikatoa moja ya chuma, imepinda shingo, nikacheka mpaka akauliza nimekula nini. Keti, rafiki yangu, nikueleze.

Nilikuwa na miaka minane, mtaa wa Discovery Gardens, nchi ya Waarabu, fleti moja familia mbili. Chumba cha pili alikaa jirani yetu, mama wa Unguja. Redio ya sebuleni ilikuwa yake, antena imebaki kisiki. Mwaka ule kituo kipya cha FM kilianza kupiga disko, na yule mama aliyeshinda wiki nzima akiitikia "ndiyo, madam" kwa tajiri wake akawa mtu mwingine kila Ijumaa mchana. Alikaanga sambusa huku kiuno kikijibu ngoma. "Hii ndiyo ya enzi zetu, mwanangu," aliniambia.

Ila kituo kilikuja kikipenda. Nikachunguza, nikagundua siri: sare ya Baba, mlinzi wa duka kubwa kule Al Barsha, ikitundikwa dirishani nyuma ya redio, disko safi. Ikiondolewa, khshhh. Nikaweka taulo pale. Khshhh. Dera la jirani. Khshhh. Nikaamua ni vile vifungo vinavyong'aa.

Basi Ijumaa moja, kila sare ilipokaribia kukauka, niliinyunyizia maji isiondolewe dirishani. Jirani akacheza mpaka sambusa zikaungua.

Basi la kampuni likapiga honi chini. Baba akavaa, akashtuka kama aliyekanyaga barafu. Msimamizi alikuwa ameshampa onyo kwa kuchelewa. Akichelewa tena, khalas, kazi hana. Akaondoka vilevile, amelowa chapachapa, kwenda kusimama kwa muda wa saa kumi na mbili chini ya kiyoyozi.

Alirudi asubuhi anapiga chafya, kazi bado anayo. Badala ya kuomba msamaha, nikamuuliza, "Baba, huko kazini ulikuwa unasikia disko?"

Ikabidi nieleze yote. Nikangoja kofi. Akavua shati, akampa Mama, akairudisha henga yake ya chuma dirishani, tupu. Disko likaja, safi kabisa.

"Mtafiti," akasema, "hukujaribu henga."

Jirani alisharudi Unguja na redio yake. Siku hizi simu inapiga wimbo wowote, hakuna anayelowa. Ile henga ya kabatini, ndiyo ileile ya Baba, nimeitundika dirishani. Najua haitanasa kitu. Mama atafutiwe nyingine.